Mwongozo kamili: Kuendesha utafiti wa chuo wa mafunzo ya usalama kwa uhalisia pepe

Wanafunzi na wahadhiri wanaoniuliza kuhusu miradi ya uhalisia pepe (VR, yaani mandhari ya kuigiza ambayo mtu huingia kwa kuvaa miwani maalumu) karibu wote wamekwama mahali pamoja. Programu wameshaijenga, inapendeza, na kila aliyevaa miwani amefurahi. Likija swali la kwanza la mtahini, "Mtu huyu sasa anaweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza?", jibu hakuna, kwa sababu dodoso liliuliza tu kama watu waliyapenda mafunzo.

Tatizo ni mpangilio. Mradi ulianzia kwenye miwani, ukajenga mandhari, kisha ukatafuta cha kupima. Hapa tutakwenda kinyume: kwanza tendo, pili kipimo, halafu ndipo programu. Mfano nitakaoutumia ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kumfundisha mtu kutumia kizimamoto moto mdogo unapozuka maabara. Kama mada yako ni usalama wa ujenzi, kuvuka barabara au kushughulikia kemikali, badilisha mfano. Hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miwani ya uhalisia pepe inayojitegemea bila kompyuta, angalau mbili. Ya pili si anasa: betri hudumu saa mbili hivi, na mshiriki hawezi kusubiri moja ijae chaji.
- Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro kwa ajili ya kujenga programu.
- Injini ya michezo, yaani programu ya kujengea michezo ya kompyuta: Unity, Unreal Engine au Godot. Zote zinatumia kiwango cha OpenXR, kwa hiyo miwani ikibadilika mradi hauanzi upya.
- Mtaalamu wa tendo lenyewe. Kwetu hapa ni mkufunzi wa zimamoto.
- Mtu wa takwimu, tangu siku ya kwanza. Akija baada ya data kukusanywa, kazi yake itakuwa kukueleza ulichokosa tu.
- Chumba chenye sakafu wazi ya angalau mita 2 kwa 2, kisichopigwa na jua moja kwa moja. Mwanga wa jua ukipita kwenye lenzi za miwani huunguza skrini, na hapo hakuna matengenezo.
- Kizimamoto cha mazoezi.
- Vifuniko vya uso vya kutupa, vitambaa vyenye dawa kwa ajili ya plastiki, na kitambaa kikavu laini kwa ajili ya lenzi. Dawa yenye spiriti usiipitishe kwenye lenzi.
- Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Nafasi yake ni hatua ya 4, ila fomu zisome leo.

## Hatua ya 1: Chagua tendo, si mada

"Usalama wa moto" ni mada. Tendo ni hili: mshiriki anaona moto kwenye pipa la taka, anapiga kengele ya tahadhari, anachagua kizimamoto kinachofaa, anasimama njia ya kutokea ikiwa nyuma yake, anavuta pini, analenga kitako cha moto, anabana mpini, anapeperusha kulia na kushoto, na akiona moto unamshinda, anaondoka.

Kaa na mkufunzi wako muandike orodha hiyo pamoja. Kila kipengele kiwe kitu ambacho mtu aliyesimama kando anaweza kukiona na kusema kimefanyika au hakikufanyika. "Anaelewa hatari" haionekani. "Amegeuka kutafuta mlango kabla ya kusogelea moto" inaonekana.

Kisha muulize watu hukosea wapi. Atakutajia wanaobana mpini kabla ya kuvuta pini, wanaolenga ndimi za moto zinazocheza juu badala ya kitako kinachowaka, na wanaouacha moto uwatenge na mlango. Makosa haya yaandike kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo programu yako itakayoyarekebisha.

Jiulize pia kama uhalisia pepe unahitajika. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford anashauri uwekwe kwa mambo ambayo yakifanywa kweli yangekuwa hatari, yasingewezekana, yangeleta madhara au yangegharimu mno. Ushauri huo una ushahidi wa karibu: mwaka 2013, Rafael Sacks na wenzake wa Technion, Israeli, walilinganisha mafunzo ya usalama wa ujenzi ndani ya uhalisia pepe na yale ya darasani. Kwenye kazi za zege na za kubandika mawe ukutani, uhalisia pepe uliongoza. Kwenye usalama wa jumla wa eneo la ujenzi haukuonyesha faida hiyo. Teknolojia ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kilichofundishwa.

Dalili ya mafanikio: orodha ya matendo inaenea ukurasa mmoja, na watu wawili wakiitumia kumpima mtu mmoja kwa wakati mmoja wanatoa alama zinazokaribiana.

## Hatua ya 2: Amua utalinganisha na nini

Kundi moja lililopimwa kabla na baada halitoshi. Watu huongeza alama kwa sababu tu mtihani wameshauona mara ya kwanza.

Unahitaji kundi linganishi, na liwe la haki. Mwaka 1983 Richard Clark alitoa hoja ambayo watafiti wa elimu hawajaikwepa hadi leo: chombo cha kupitishia somo hakifundishi chenyewe, kinachofundisha ni mbinu iliyomo. Ukimpa mmoja mazoezi ya kujirudia yenye masahihisho ndani ya miwani, na mwenzake umsomee slaidi akiwa kimya, halafu wa miwani ashinde, huwezi kusema kilichoshinda ni miwani. Huenda ni mazoezi, huenda ni masahihisho.

Ulinganisho ninaoupendekeza ni uigaji uleule kwenye skrini ya kompyuta: maneno yaleyale, muda uleule, masahihisho yaleyale. Guido Makransky na wenzake walifanya hivyo kwa maabara ya sayansi, wakachapisha mwaka 2019. Waliovaa miwani walijihisi zaidi kuwa "mle ndani", lakini walijifunza kidogo kuliko waliotazama skrini, na vipimo vya mawimbi ya ubongo vilionyesha akili zao zilikuwa zimelemewa. Kila anayeandika pendekezo la utafiti wa aina hii aanze kwa kukubali kwamba hayo yanaweza kumtokea.

Idadi ya washiriki usiikisie. Kwa kupambanua makundi mawili yenye tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5, ambapo d ni tofauti ya wastani wa makundi ikigawanywa kwa mtawanyiko wa alama), kwa kiwango cha 0.05 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo) na nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti iliyopo), unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ikiwa kubwa (d = 0.8), 26 wanatosha. Mradi wenye watu 10 kila upande mara nyingi hauwezi kuthibitisha wala kukanusha. Ukishindwa kupata idadi, uite utafiti wa awali waziwazi, na usitoe madai makubwa.

Mgawanyo wa makundi uwe wa nasibu, ufanywe na kompyuta. "Waliowahi kufika wavae miwani" si nasibu. Wanaowahi kufika mara nyingi ndio wenye hamu.

## Hatua ya 3: Tengeneza kipimo kabla ya programu

Mfumo wa Donald Kirkpatrick wa kutathmini mafunzo una ngazi nne: mtu aliyapokeaje mafunzo, alijifunza nini, anafanya nini tofauti kazini, na matokeo gani yamepatikana. Miradi mingi ya wanafunzi inaishia ngazi ya kwanza. Lenga ya pili kwa uchache, na ujaribu kuigusa ya tatu.

Jambo la msingi: usimpime mtu ndani ya miwani peke yake. Aliyefanya mazoezi ndani ya programu lazima aizoee programu. Mtoe nje, mpe kizimamoto cha mazoezi mkononi, mwonyeshe moto wa kuigiza (hata taa au picha kwenye skrini inatosha), umpime kwa orodha ya hatua ya 1. Anayetoa alama asijue mshiriki ametoka kundi gani.

Utafiti ambao wote tunauegemea ulifanya hivyo. Mwaka 2002 Neal Seymour na wenzake waliwagawa madaktari 16 waliokuwa mafunzoni kwenye upasuaji. Waliofanya mazoezi ya uhalisia pepe waliondoa kifuko cha nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wale ambao hawakuyafanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kifuko hicho au kuunguza sehemu isiyohusika. Walipimwa kwenye chumba cha upasuaji, kwa mgonjwa halisi, na ndiyo sababu matokeo hayo bado yananukuliwa.

Ongeza swali moja ambalo wengi hulisahau: "Una uhakika kiasi gani kwamba ungeweza kuzima moto huu?", kabla na baada. Kisha linganisha uhakika na alama za vitendo. Mtu ambaye uhakika umepanda na uwezo haukupanda ni hatari kuliko alivyokuwa kabla hujamfundisha. Huyo ndiye atakayebaki kupambana na moto ambao alipaswa kuukimbia.

## Hatua ya 4: Kibali cha maadili

Kamati nyingi hazijazoea uhalisia pepe, kwa hiyo waeleze kwa maneno mepesi, ikiwezekana kwa video ya dakika moja ya kile mshiriki atakachokiona. Hakikisha maombi yanagusa haya:

- Afya. Wenye kifafa, kizunguzungu cha mara kwa mara au walio wagonjwa siku hiyo wasishiriki. Mwanga usimweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Angalia taa za kengele ya moto hasa.
- Hofu. Mtu aliyewahi kuunguliwa, au kumpoteza ndugu kwa moto, anaweza kuumizwa na zoezi lako. Ridhaa itaje moto waziwazi, si "tukio la dharura".
- Haki ya kuacha. Neno moja, "simama", linatosha, na miwani inavuliwa papo hapo bila maswali.
- Data ya mwendo. Kuondoa majina hakutoshi. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2020, wenye watu 511, ulionyesha kuwa rekodi isiyofika dakika tano ya jinsi mtu anavyosogeza kichwa na mikono ilitosha kumtambua kwa usahihi wa asilimia 95. Hifadhi unachokihitaji tu, na rekodi ghafi zisisambazwe.

## Hatua ya 5: Jenga kidogo, na ujenge kinachopimika

Anza na masanduku ya kijivu: chumba ni sanduku, moto ni sanduku jekundu, kizimamoto ni silinda. Mpitishe mkufunzi wako humo. Mfuatano ukiwa na kosa, ataligundua sasa, wakati marekebisho ni ya saa moja. Mapambo yanasubiri.

Halafu jenga daftari la matukio, kabla ya moshi, kabla ya sauti. Kila jambo analolifanya mshiriki liandikwe kwenye faili kwa mstari wake: muda, tendo, hali. Mstari mmoja wenye manufaa unaonekana hivi:

`41.2 | mpini_umebanwa | pini: haijavutwa | umbali_wa_moto: 1.8 | mlango: nyuma`

Soma mstari huo. Sekunde ya 41 mtu amebana mpini, pini bado ipo, yuko mita 1.8 kutoka motoni, na mlango uko nyuma yake. Umeona kosa moja na tendo moja sahihi, bila kumuuliza chochote. Video ya skrini isingekupa hayo bila saa nyingi za kuitazama.

Mambo mengine ya kuzingatia unapojenga:

Chumba cha kujizoeza kwanza. Kabla ya moto, mshiriki apewe dakika chache za kushika na kuachia vitu visivyohusika na somo. Vinginevyo utakuwa unapima nani amezoea michezo ya kompyuta.

Masahihisho yaje kwa matokeo. Akilenga juu, moto usizimike, na baadaye aonyeshwe kwa nini. Maandishi marefu yanayoelea hewani yanalemea akili, na mle ndani yanasomeka kwa shida.

Uzito. Kizimamoto cha poda cha kilo 6 kikijaa hufika karibu kilo 9, ilhali kidhibiti cha mkononi ni chepesi kama simu. Funga kidhibiti kwenye mtungi mtupu wa mazoezi, au ueleze pengo hilo kwenye ripoti kama upungufu.

Njia ya kushindwa iwepo. Tengeneza angalau tukio moja ambalo jibu sahihi ni kuondoka. Programu ambayo moto wake huzimika kila mara inamfundisha mtu kwamba moto huzimika kila mara.

## Hatua ya 6: Ondoa kichefuchefu

Kichefuchefu huja macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halijausikia. Ukikipuuza, kitakuondolea washiriki, na wanaobaki watakuwa wale wenye matumbo magumu tu, yaani sampuli iliyopinda.

Usiisogeze kamera kwa niaba ya mtu, hata kidogo. Atembee kwa miguu yake, au ahame papo hapo ndani ya programu kutoka sehemu hadi sehemu kwa kuelekeza kidole. Kasi ya picha isishuke chini ya 72 kwa sekunde, au 90 kama miwani inaruhusu, na kati ya kichwa kugeuka na picha kufuata pasizidi milisekunde 20 hivi.

Hapa miradi ya moto ina mtego wake. Moshi na ndimi za moto hutengenezwa kwa tabaka nyingi za picha zinazopenyeka mwanga, na miwani inayojitegemea hulemewa na tabaka hizo kuliko na kitu kingine. Chumba kinakwenda vizuri, moshi unaanza, kasi inaanguka, mtu anatapika. Punguza tabaka, tumia moshi mchache mkubwa badala ya mwingi mdogo, na upime kasi moshi ukiwa mzito kabisa, ndani ya miwani yenyewe, si kwenye kompyuta.

Rekebisha umbali kati ya lenzi kwa kila mtu. Kwa watu wazima umbali kati ya mboni ni wastani wa milimita 63, na tofauti kati ya watu ni kubwa. Kipindi kisizidi dakika 15. Tumia SSQ, dodoso la kichefuchefu cha uigaji la Kennedy na wenzake (1993), lenye dalili 16 zinazopewa alama 0 hadi 3, kabla na baada. La "kabla" ni la lazima, maana kuna anayekuja na kichwa kinachomuuma tangu asubuhi.

## Hatua ya 7: Jaribu na watu watano

Watano wasiohesabiwa kwenye utafiti. Waombe waseme kwa sauti wanachofikiria. Usiwasaidie, andika kila wanapokwama.

Kisha fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: chukua faili za hao watano uzipitishe kwenye uchambuzi wote, hadi jedwali la mwisho. Hapo ndipo utagundua kwamba saa ya daftari la matukio inaanza sifuri kila tukio linapobadilika, au kwamba namba ya mshiriki haiandikwi. Ukiligundua hilo ukiwa na washiriki 60 nyuma yako, hakuna la kufanya.

## Hatua ya 8: Siku ya kukusanya data

Watafiti wawili kila kipindi. Mmoja anasoma maelekezo kutoka karatasini, neno kwa neno, kwa kila mshiriki. Wa pili anasimama hatua moja kando ya aliyevaa miwani, mikono tayari, kwa kuwa mtu anayekimbia moto anaweza kukimbilia ukuta wa kweli.

Mpangilio: ridhaa, SSQ ya kwanza, jaribio la vitendo la awali, swali la uhakika, chumba cha kujizoeza, mafunzo, SSQ ya pili, mapumziko ya dakika 10, jaribio la vitendo, swali la uhakika tena. Mapumziko hayo yasikatwe. Mtu mwenye kizunguzungu akipimwa mara moja, unapima kizunguzungu.

Kabla hajaondoka, mwonyeshe makosa yake na njia sahihi, ila kama atarudi kwa jaribio la baadaye. Hapo masahihisho yasubiri siku hiyo, na kamati ya maadili iwe imelijua hilo. Faili linakiliwa sehemu ya pili kabla mshiriki mwingine hajaingia.

## Hatua ya 9: Warudishe baada ya mwezi

Moto hautazuka dakika kumi baada ya mafunzo. Waite tena baada ya wiki nne, jaribio lilelile la vitendo, bila mafunzo mapya. Tarehe waijue tangu siku ya kuridhia. Baadhi hawatarudi, kwa hiyo sajili watu zaidi ya namba ya hatua ya 2. Aliyefundishwa mahali pengine katikati, kwa mfano kwenye zoezi la moto la chuo, aandikwe.

Hapa ndipo mng'aro wa kitu kipya unapochujwa. Wakati mwingine makundi yanalingana siku ya kwanza na kuachana baada ya mwezi, usipowarudisha hutaona.

## Hatua ya 10: Chambua na uandike

Linganisha alama za baada huku ukizingatia za awali (uchambuzi wa kovariansi unafaa), na utoe ukubwa wa tofauti pamoja na mipaka yake ya kitakwimu (masafa ambamo tofauti halisi huenda ipo), si thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu) peke yake. Sema ni wangapi walijiondoa, wangapi kwa kichefuchefu, na kutoka kundi gani. Chora uhakika na uwezo kwenye mchoro mmoja. Pembe ya "uhakika juu, uwezo chini" ndiyo msomaji wa usalama ataitazama kwanza.

Ukikuta hakuna tofauti, andika hivyo. Chuo kinachofikiria kununua miwani 40 kinalihitaji jibu hilo kama lile la ushindi. Na ukikuta uhakika umepanda bila uwezo, programu isitumike kumfundisha mtu yeyote hadi irekebishwe, hata kama mkuu wa idara ameshaipenda.

Mwisho, hifadhi kwa pamoja programu, orodha ya matendo, karatasi ya maelekezo, msimbo wa uchambuzi na data iliyofupishwa. Andika toleo la injini na la mfumo wa miwani. Mifumo hiyo husasishwa mara kwa mara, na bila namba hizo mwanafunzi wa mwaka ujao hataweza kuiwasha programu yako, sembuse kuurudia utafiti.